Tulichomwa Sindano Moja

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, sogea nikudokeze upesi, maana leo sina subira.

Mimi ni msusi wa nywele. Nilikuwa na mume, fundi wa mafriji, na binti mmoja tunayemwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyo juu ya mdomo wake. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alinishika mkono akanipeleka kwa mtu anayejiita Dokta Mng'aro, mchoma sindano za kung'arisha ngozi. Tulikuwa wanawake kadhaa, chupa moja, bomba moja. Baadaye nikaanza kuugua. Nikapimwa, nikakutwa na virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya C. Wageni wawili, mlango mmoja.

Mume wangu akapimwa, akakutwa mzima. Wifi akasimama sebuleni mbele ya ukoo akatangaza kwamba naye kapima na yu buheri wa afya, kwa hiyo sindano haina kosa. Kosa ni langu na wanaume zangu. Kikatengwa kikombe changu. Kikafuata kijiko. Nikafuata mimi mwenyewe. Kidoti wakabaki naye.

Wiki iliyopita tuliachana pale nilipokuwa namsuka mteja, naye, bila kujua kichwa chake kiko mikononi mwa nani, akanipasha kwamba Dokta Mng'aro amerudi mjini. Yuko nyuma ya saluni moja karibu na soko. Alhamisi anachoma.

Baadhi yenu mmeandika gazetini kuniomba nisamehe. Nimewasoma. Msamaha ni kitu kizuri sana, hasa ukitolewa na mtu mwingine.

Sasa sikilizeni nilichofanya Alhamisi.

Asubuhi nilikuwa na miadi kliniki. Nesi wangu ni mwanamke mnene, mcheshi, anayeongea na wagonjwa kama anaongea na wadogo zake.

"Tuanze na habari nzuri," akasema. "Kirusi cha ukimwi kimelala fofofo. Kipimo hakikioni. Unameza dawa vizuri, hongera."

"Na cha ini?"

"Hicho kiko macho, tena kimekunja nne. Lakini usitishike. Hicho kina dawa ya kukiondoa kabisa, si kama mwenzake. Tumekubadilishia kidonge kimoja ili dawa zisije zikagombana mwilini. Wiki ijayo unaanza za ini. Ukimaliza dozi yako, Mungu akipenda, utakisahau."

"Kwa hiyo leo hii damu yangu..."

"Leo hii damu yako bado inaweza kumpa mtu homa ya ini. Kula na watu, kumbatia watu, nywea kikombe chochote, hakuna ubaya. Damu tu. Wembe wako uwe wako, mswaki wako uwe wako. Sindano ndiyo usiseme."

"Sindano ikinichoma mimi, kisha ikamchoma mtu mwingine palepale?"

Nesi akaweka kalamu chini.

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu, nesi."

"Wewe huna kawaida ya kuuliza tu. Na leo macho yako yana moto."

"Sikulala vizuri."

"Basi nenda kalale," akasema. "Ukitoka hapa, nyumbani moja kwa moja. Umenisikia, mdogo wangu?"

Nilimsikia. Nesi alinipa onyo, mimi nikasikia silaha.

Sitawaficha. Sikupanga kumpeleka Dokta Mng'aro polisi. Polisi angetoka jioni ileile, akahamia mtaa mwingine, akaning'iniza koti lake jeupe kwenye msumari mwingine. Nilipanga kukaa kwenye kiti chake, anichome, sindano ijae damu yangu, kisha nimpore bomba lake na kumdunga nalo yeye mwenyewe, popote litakapofika. Shingoni, mgongoni, matakoni, sikuwa na ubaguzi.

Alichonipa nikamrudishie. Basi.

Nilijifunga mtandio mkubwa, nikavaa miwani ya jua na barakoa. Hata mama yangu angenipita njiani.

Mwenye saluni alikuwa anamwosha mteja nywele kwenye sinki. Akanitupia jicho.

"Kusuka au kuosha?"

"Kung'aa," nikasema.

Akacheka kidogo, akanielekeza kwa kidevu. "Nyuma ya pazia, mpenzi. Una bahati, leo hakuna foleni."

Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kidogo chenye harufu ya nywele zilizoungua na spiriti. Mashine ya kukaushia nywele iliyokufa ilikuwa imesimama pembeni, imevalishwa taulo kichwani. Katikati, kiti cha plastiki. Kando yake meza, sinia la bati, kichupa kikubwa cha dawa, furushi la pamba. Na bomba. Moja.

Na yeye. Amenenepa, jamani. Mimi nimelala kwa majirani, nimesuka vichwa vya watu huku magoti yananitetemeka, naye amenenepa. Amevaa koti jeupe lenye kalamu mbili mfukoni. Mtu aliyekuwa akiuza magodoro kabla ya kuwa daktari.

"Karibu, malkia," akaniambia. "Mara ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Utarudi. Wote hurudi."

Nikasema moyoni, na mimi nimerudi, ila hujanijua.

Akanifunga mpira mkononi, akapapasa mshipa, akafuta kwa pamba. Sindano ikaingia. Akavuta kidogo kwanza, nikaiona damu yangu ikipanda ndani ya bomba kama moshi mwekundu. Kisha akasukuma.

"Umeona? Hata kuuma haiumi."

Nikanyoosha vidole. Nilikuwa nangoja aichomoe, nimrukie.

Akaichomoa. Na palepale pazia likafunguliwa.

"Mpisheni bibi harusi jamani! Mwenzenu sina muda!"

Ile sauti ningeitambua hata ningekuwa kaburini. Ni sauti iliyosema sebuleni, "Mpeni kikombe chake na kisichanganywe na vingine."

Wifi.

Mkono wangu ukaganda hewani. Dokta Mng'aro akaliweka bomba kwenye sinia.

"Karibu, malkia," akasema, maneno yaleyale. "Mwenzako ndiyo kwanza kamaliza. Dada, mpishe bibi harusi."

Nikainuka. Nikaenda kusimama karibu na ile mashine mbovu, nimebonyeza pamba mkononi. Wifi akaketi kwenye kiti nilichokipasha joto. Hakunitazama mara mbili.

"Harusi lini?" Dokta akamuuliza.

"Jumamosi. Nataka Jumamosi niwake mpaka watu wavae miwani kama huyu dada." Akanigeukia, akacheka. "Eti dada, inauma?"

Nikatikisa kichwa.

"Ndiyo kwanza unaanza? Utapenda. Mimi ni mteja wa siku nyingi. Naolewa na mkata vioo wa kule barabara ya juu, unamjua? Mjane, mpole kama maji mtungini. Na nina binti wa kaka yangu nyumbani, ndiye atanishikia maua. Mtoto mzuri ajabu."

Nikaifanya sauti yangu kuwa nyembamba.

"Mama yake hayupo?"

Wifi akakunja mkono wa blauzi yake, akaupanga vizuri juu ya kiwiko.

"Yupo," akasema. "Heri angekufa. Angekufa tungemlilia tukamaliza."

Ndugu msomaji, wewe unayenitaka nisamehe, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Dokta Mng'aro aliokota bomba lilelile. Akafuta ncha ya sindano kwa pamba yenye spiriti, kulia, kushoto, kama mtu anayefuta kijiko. Akavuta dawa kutoka kwenye kichupa. Ndani ya bomba, chini kabisa, kulikuwa na utando mwekundu. Niliuona. Ulikuwa wangu.

Na mimi nikanyamaza.

Nataka mnielewe vizuri. Sikunyamaza kwa woga, wala sikuduwaa. Nilinyamaza kwa raha. Nilisimama pale nikasema kimoyomoyo: sikukuleta hapa, sikukukalisha, sikukukunjia mkono wa blauzi. Umejileta kwa miguu yako. Kazi imejifanya yenyewe. Mimi nitakuwa nimefanya kosa gani? Kusimama?

Akafungwa mpira. Akapapaswa mshipa. Sindano ikashuka taratibu.

Hapo nikapiga kelele.

Najua mnataka kusikia kwamba nilimwonea huruma. Hapana. Utu ungenishika ningewaambia kwa fahari. Kilichonipigisha kelele ni kwamba hakunijua. Angechomwa, angeugua, angekonda, angekufa siku moja, na mpaka anafukiwa asingejua kwamba ni mimi. Kisasi kisichojulikana ni cha nani, kina faida gani? Nilitaka anione uso.

"Wifi!" nikasema. "Nitazame!"

Nikavua miwani. Nikavua barakoa. Mtandio ukateleza mabegani wenyewe.

Wifi akatoa macho. Dokta Mng'aro akatutazama mmoja mmoja, sindano hewani, hajui kinachoendelea lakini ameshanusa shari.

"Mimi ni mama Kidoti," nikamwambia Dokta. "Yule uliyemchoma kwa bomba moja na wenzake. Nina ukimwi. Nina homa ya ini. Hiyo sindano uliyoshika imetoka sasa hivi mkononi mwangu."

Huko mbele mtu akapiga ukelele. Nikasikia viti vinaanguka, mlango unafunguliwa, na mwenye saluni anaita, "Nywele zako zina dawa! Rudi, zitakatika!" Hakuna aliyerudi.

Dokta Mng'aro alitaka kulitupa bomba. Nilikuwa mwepesi kuliko yeye. Nikampokonya, nikamgeuzia. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akainua mikono yote miwili, zile kalamu zikamdondoka.

"Dada, tafadhali! Usinichome! Nina watoto!"

"Kwani kuna nini, Dokta? Si umeifuta?"

"Dada, nakuomba!"

"Si spiriti inaua kila kitu? Si ulituambia hivyo?"

"Haiui! Haiui vyote! Nakuomba kwa jina la Mungu!"

Kumbe anajua. Siku zote nilijiambia labda ni mjinga tu, mwuza magodoro aliyejitia udaktari. Kumbe anajua, na anajua vizuri, kwa sababu mtu asiyejua halii hivyo.

Nikainua mkono. Niliona mahali pa kupiga, pale shingo inapokutana na kola. Alikuwa amefumba macho.

Nyuma yangu mtu akacheka.

Si kicheko cha furaha. Kilikuwa kama kikohozi kilichokosa njia. Nikageuza kichwa. Wifi alikuwa bado ameketi, mpira umemfunga mkono, blauzi imekunjwa. Hakuwa amesogea hata kidogo.

"Mchome," akasema. "Ukimaliza, nichome na mimi. Haitaniongezea kitu."

"Umesemaje?"

"Umenisikia, wifi. Haitaniongezea kitu nisichokuwa nacho."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Dokta Mng'aro aliona nafasi yake. Alipita chini ya kwapa langu kama panya anayekwepa ufagio, akang'oa pazia lote, akakimbia akiwa amelivaa kichwani. Nilimsikia akijigonga kwenye sinki, akatukana, akapotea. Koti lake jeupe sijui kama alilivua njiani au la. Mtu niliyemwinda kwa miezi nilimwacha aende, kwa sababu ya neno moja la wifi yangu.

Nikaliweka bomba kwenye sinia. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

Hapo ndipo nilipomwona. Sikuwa nimemtazama vizuri tangu anifukuze. Weupe wa macho yake ulikuwa umeiva kama ganda la limau. Mashavu yamebonyea chini ya poda. Tumbo limejaa chini ya blauzi, na viatu vya harusi alivyokuwa anavizoesha miguu vilikuwa vimemkaba kwa uvimbe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka ule mama alipopasuliwa. Si tulikwenda wote kumtolea damu?"

"Mimi nilikataliwa, nilikuwa na upungufu wa damu."

"Ndiyo. Mimi nilitoa. Baadaye wakaniita peke yangu, chumba kidogo, mlango ukafungwa. Wakaniambia vyote viwili kwa mpigo. Ukimwi na ini."

"Ukasemaje?"

"Nikasema wamekosea chupa." Akajifungua mpira polepole. "Nikatoka. Sikurudi. Kama nilivipata kwa marehemu mume wangu, kama ni kwa sindano za huyuhuyu, sijui mpaka leo. Nikasema nisipoviangalia, vitachoka vyenyewe."

Nikaanza kuhesabu kichwani. Upasuaji wa mama mkwe ulikuwa zamani. Kabla ya mimi kujua Dokta Mng'aro ni nani. Kabla ya kushikwa mkono nikapelekwa nikang'ae.

"Wifi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama si yangu. "Siku ile uliponileta kwake. Nani alikaa kabla yangu?"

Akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe!"

"Mimi," akasema. "Wewe ulikuwa nje ya mlango, umenishikia mkoba. Mimi nilitangulia, nikatoka, nikakwambia ingia."

"Na ulijua una nini."

"Nilijua."

"Na uliona hajabadilisha sindano."

"Nilimwona anafuta kwa pamba. Nikasema moyoni, labda spiriti itaua. Nikasema labda haitapita. Ningesema nini, wifi? Ningesema, Dokta, badilisha, mimi ni mgonjwa? Nanyi wote mnasikia mlangoni?"

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Halafu ukanitengea kikombe!"

Akaanza kulia. "Ulipoanza kuugua, nikajua ni nini kabla hujapimwa. Nikajua mtu atauliza imetoka wapi. Nikawahi kukunyooshea kidole kabla hakijaninyookea mimi. Ile habari kwamba nimepima ni mzima, niliitunga nikiwa nimesimama palepale sebuleni."

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu aliliona, akalipaka mwenzake.

Nilitaka kumpiga kofi. Mkono ulinyanyuka kabisa. Lakini ungeanzia wapi? Kitambo kidogo tu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama karibu na mashine mbovu, namtazama akifungwa mpira, na mimi nilikuwa nimenyamaza. Tofauti yetu ni kwamba yeye alinyamaza mpaka mwisho. Hiyo ndiyo tofauti yote, na mpaka leo ninapoandika haya sijui kama inanitosha.

Kwa hiyo sikumpiga kwa mkono. Nilimpiga kwa mdomo.

"Niangalie vizuri, wifi," nikamwambia. "Mimi niliyefukuzwa nimeota nyama. Nameza vidonge, kirusi kimelala hakionekani kwenye kipimo. Wiki ijayo naanza dawa ya ini, nitapona. Nitapona kabisa! Wewe uliyebaki na nyumba, na vikombe vyote, unaisha. Jumamosi utang'aa, kweli. Utang'aa manjano."

Akajifunika uso. Nikasikia utamu, jamani. Siku zote nilizotembea na aibu isiyo yangu zililipwa kidogo pale.

"Hujameza hata kidonge kimoja?"

"Ningekwenda kliniki watu wangeniona."

"Na mwanamume wako? Anajua?"

"Hajui."

"Hajaomba mpime?"

"Ameomba. Mara nyingi. Nimemwambia nimeshapima, niko safi."

Yule mkata vioo. Niwaambie jambo ambalo sikuwahi kuliandika wiki zilizopita. Siku niliyotupiwa nguo zangu nje, majirani walifunga madirisha wakachungulia kwa pazia. Yeye alikuwa anapita na baiskeli yake ya kubebea vioo. Alisimama. Hakuniuliza nina ugonjwa gani. Alipakia sanduku langu, akanipa maji anywayo kwenye chupa yake, akakokota baiskeli mpaka kwa jirani aliyenipokea. Sijui alimpendea nini wifi yangu. Pengine mpole hupenda kelele.

Wifi akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya moto.

"Nisikilize," akasema haraka. "Namsikia anapiga honi nje, amekuja kunichukua. Wifi, mama Kidoti, nakupigia magoti. Nyamaza mpaka Jumamosi ipite. Ipite tu. Halafu nitakwenda kliniki, nitameza, nitamwambia mwenyewe polepole."

"Na mimi nipate nini?"

Swali lilinitoka kabla sijalitafuna. Naye alikuwa amelingoja.

"Kidoti," akasema. "Nitakuletea Kidoti Jumapili asubuhi, na nguo zake, na madaftari yake. Kaka hawezi kunibishia, unamjua. Nitamwambia nilikosea juu yako. Nitasema mbele ya ukoo, sebuleni palepale niliposimama."

Kidoti. Tangu niondoke nimemwona mara chache, kwa mbali, akitoka shuleni na wenzake, mimi nimejibanza ng'ambo ya barabara. Siku moja aligeuka kama aliyeitwa. Hakuniona. Nilirudi nyumbani nikashindwa kushika kitana.

Kunyamaza tu. Siku mbili. Nimenyamaza kwa mambo makubwa zaidi.

"Apia," nikasema.

"Naapa. Naapa kwa kaburi la mama."

Kabla sijajibu, nikageuka. Mahali palipokuwa na pazia alikuwa amesimama yule mkata vioo. Mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, vidole vyake vitatu vimefungwa plasta kama kawaida ya watu wa kazi yake. Kimoja kilikuwa bado kinavuja damu.

"Shemeji?" akaniambia, uso ukamchangamka. "Ni wewe? Umepotea hivi! Kuna nini humu? Nje wanawake wanakimbia na povu kichwani."

"Hakuna kitu, mpenzi," wifi akasema, akijifuta macho. "Tumekutana na wifi yangu, tumepatana. Ni machozi ya furaha."

Akamwamini nusu. Akaja, akataka kumfuta shavu kwa kidole kile kilichokuwa kinavuja, kisha akakiona, akakificha nyuma akacheka kwa haya. "Kioo cha asubuhi," akasema. Kisha akaliona sinia. Akaona bomba. Akaona pamba mbili zenye damu. Kicheko kikamwisha.

Hakumuuliza yeye. Aligeuka akaniuliza mimi.

"Shemeji, wewe hujawahi kunidanganya. Kuna nini?"

Chini ya mtandio ulioanguka magotini, kucha za wifi ziliingia kwenye kiganja changu. Midomo yake haikusogea, lakini nilimsikia.

"Kidoti," alipumua.

Natamani ningewaambia kwamba niliufikiria ukweli. Nilimfikiria Kidoti. Nilimfikiria akiwa na begi lake, Jumapili asubuhi, mlangoni kwangu. Kisha nikakitazama kidole cha yule mwanamume, na nikakumbuka utando mwekundu ndani ya bomba, na jinsi kunyamaza kulivyokuwa na raha.

"Shemeji," nikasema, "kaa chini kwanza."

Mkono wa wifi ukaniachia. Machozi yakamkauka palepale, kana kwamba mtu amefunga bomba la maji. Akachukua simu kwenye mkoba wake, akabonyeza, akaiweka sikioni huku ananitazama machoni.

"Kaka," akasema. "Acha hiyo friji. Nenda shuleni sasa hivi, mchukue Kidoti, umpeleke kule tulikopanga. Na mama yake asijue ni wapi, mpaka afe."